Moto Usio na Bili

Majira ya baridi yanapokaribia Ulaya, serikali za huko hurudia ubishi uleule: nani asaidiwe kulipia joto la nyumba yake, na kwa kiasi gani. Uingereza ilianza mwaka 1997 kuwapa wazee wote fedha za kununulia joto. Mwaka 2024 serikali ikaamua kwamba zibaki kwa wazee maskini tu, wale wanaopokea ruzuku ya uzeeni. Kelele zikawa nyingi, hata mwaka uliofuata ikalegeza na kuwarudishia wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Marekani ina mpango wake wa kitaifa tangu 1981. Ubelgiji ina bei nafuu ya umeme na gesi kwa kaya zenye kipato kidogo, na Ufaransa hutuma hundi ya nishati. Njia zinatofautiana, lakini karibu zote zimejengwa juu ya dhana ambayo hakuna anayejisumbua kuitaja: kila kaya ina mita, mita ina jina, na jina linapokea bili. Msaada ama hupunguza tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo, ama humpa mwenye jina fedha za kuilipa.

Kamina haina karatasi hiyo, isipokuwa kwa wachache. Mji huu, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, umekaa kwenye nyanda zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, pale reli itokayo Lubumbashi inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Kananga na Ilebo, mwingine Kabalo na Kalemie. Usiku wa Juni na Julai hupoa kweli, na alfajiri watu hutoka wamejitanda vitenge na makoti. Hata hivyo moto wa nyumba nyingi za Dimayi na Sobongo haulipiwi mwisho wa mwezi. Hununuliwa sokoni au mlangoni, kwa noti za franka, leo kwa ajili ya bukari, yaani ugali, wa leo. Ni makala, yaani mkaa, ya kutia kwenye mbabula, jiko la chuma. Kwa hiyo swali la kumsaidia maskini wa mjini kulipia moto wake lina uzito Kamina kama lilivyo na uzito London, ila jibu lililozoeleka halimfikii mtu asiye na bili. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba ruzuku inayopitia kwenye mita huishia kwa wenye mita, na kwamba msaada wa kweli unapaswa kuelekezwa kwenye kipimo cha makala: bei yake kwa anayenunua kidogo kidogo, majira yake ya kupanda, na kiasi kinachoteketea bure kabla sufuria haijachemka.

Tuanze na bei. Gunia la makala hufika mjini kwa lori, kwa treni, na mara nyingi kwa kinga, kama Wakatanga wanavyoiita baiskeli, likiwa limefungwa kwa kamba pamoja na wenzake huku mwanamume akisukuma tangu usiku. Kaya yenye mshahara wa uhakika hununua gunia zima na kuliweka pembeni mwa nyumba. Kaya inayoishi kwa kibarua hununua kipimo: ndoo ndogo, au mfuko wa plastiki, au fungu lililopangwa chini. Mama anayeuza rejareja naye ana watoto wa kulisha, kwa hiyo vipimo vyote vya gunia moja vikijumlishwa, bei yake hupita bei ya gunia. Tuseme, kwa mfano tu, gunia linauzwa 30, na ndani yake mnatoka vipimo 45 vya bei ya 1 kila kimoja. Mwenye fedha ya gunia atakuwa amelipa theluthi mbili ya kile anacholipa maskini kwa moto uleule. Muuzaji hajaiba; amelipwa kazi ya kugawa, kukaa juani na kukopesha majirani. Lakini kaya isiyoweza kukusanya 30 kwa mkupuo italipa 45, mwezi huu na ujao, na ile tofauti ya 15 ndiyo ingeiwezesha kununua gunia. Mtu anaweza kukaa miaka kumi ndani ya hesabu hiyo bila kuwa mvivu wala mbadhirifu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa familia za wafanyakazi wa reli katika miaka ambayo kampuni ya SNCC ilikaa miezi mingi bila kulipa mishahara: mshahara ulipokatika, gunia likageuka kipimo, na moto ukapanda bei wakati uleule kipato kiliposhuka.

Kisha yako majira, na hapa ndipo kuiga mpango wa Ulaya kungeleta kichekesho. Kule baridi na gharama huja pamoja. Kamina vinapishana. Kipupwe ni wakati wa ukavu: barabara za udongo zinapitika, wanakijiji wamekwisha kuvuna, wana nafasi ya kukata miti na kufukia matanuru, na makala hushuka mjini kwa wingi. Mvua zikianza, mambo hugeuka. Tanuru la udongo linalonyeshewa hutoa makala mabovu au huzimika, wachomaji wanarudi mashambani kulima mahindi na mihogo, malori yanakwama, na mwenye kinga anatumia siku mbili kwa safari iliyokuwa ya siku moja. Bei inapanda. Makala yenyewe huja na unyevu, kwa hiyo kipimo kilekile kinatoa moshi mwingi na moto kidogo. Na miezi hiyohiyo, hasa Januari na Februari, ndiyo ya njaa, wakati akiba ya unga imekwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Maskini wa Kamina ana majira yake magumu kama maskini wa Glasgow, lakini yake yana matope badala ya barafu. Msaada utakaotolewa Juni kwa sababu watu wanatetemeka, ukitolewa kama fedha ya kununulia moto, utakuwa umekuja miezi sita mapema au umechelewa miezi sita.

Kuna jibu ambalo mtu yeyote wa mjini atalitoa kabla hujamaliza sentensi: leteni umeme. Ni jibu la haki, na lina historia ndefu ya kusubiriwa. Wabelgiji walipojenga kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, walitumia maporomoko ya mto Kilubi kupata umeme, kituo cha takriban megawati 10. Kilijengwa kwa ajili ya kambi na taasisi zake; mitaa ya Waafrika haikuwa kwenye hesabu, na baada ya uhuru kituo kilichakaa badala ya kupanuliwa. Mwaka 1982 ukakamilika waya mkubwa wa Inga–Shaba, karibu kilomita 1,700, kutoka maporomoko ya Inga karibu na bahari hadi Kolwezi. Ulijengwa kwa mikopo ambayo nchi nzima ilibeba deni lake, na kazi yake ilikuwa kulisha migodi ya shaba. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, ambao kuushusha njiani kunahitaji mitambo ya gharama kubwa, basi ukapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakipika kwa kuni chini ya nguzo zake, na bado unapita. Hadi leo takriban Mkongo mmoja tu kati ya watano ana umeme, na wengi wa hao wako Kinshasa na katika miji ya migodi.

Lakini hata tukiuacha uchungu wa historia, umeme ukifika haumwondoi mtu kwenye makala papo hapo. Ushahidi uko Lubumbashi. Mji huo umeishi karibu na umeme tangu kituo cha Mwadingusha kilipoanza kazi mwaka 1930, na bado ni miongoni mwa walaji wakubwa wa makala nchini. Misitu ya miombo inayouzunguka imerudi nyuma makumi ya kilomita, jambo ambalo watafiti wa chuo kikuu chake wameliandika kwa miongo. Sababu inaeleweka. Mgao wa umeme ukikata moto saa kumi na moja jioni, nani atatia unga kwenye sufuria ya umeme? Mama mwenye busara huweka mbabula tayari hata kama ana hotpleti. Umeme unaokatika ni taa na chaji ya simu. Kupikia kunataka uhakika. Kwa hiyo anayesema tusubiri umeme anawaambia watu wasubiri mambo mawili, waya ufike na kisha usikatike, ilhali chungu kinachemshwa leo.

Hapo hapo iko ruzuku ambayo tayari ipo, ingawa haiitwi kwa jina hilo. SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1970, kwa muda mrefu limeuza umeme wa majumbani kwa bei isiyotosha kugharimia huduma, na limebeba madeni ya ofisi za serikali zisizolipa. Pengo hilo hulipwa na umma, ama kwa fedha za hazina ama kwa mitambo inayooza bila matengenezo. Anayenufaika ni nani? Aliyeunganishwa, yaani mwenye nyumba ya matofali karibu na nguzo. Mama anayenunua fungu la makala anachangia kupitia kodi iliyofichwa ndani ya bei ya sabuni na chumvi, na hapati kilowati hata moja. Tusidhani ni tatizo la Kongo peke yake. Kenya ilipandisha mwishoni mwa 2018 kiwango cha umeme wa bei nafuu kutoka uniti 10 hadi uniti 100 kwa mwezi, kisha mwaka 2023 ikakishusha hadi uniti 30. Mjadala ulihusu uniti ngapi, kana kwamba mwisho wa uniti ndio mwisho wa umaskini. Asiye na mita hakuwa na cha kujadili.

Gesi basi? Tanzania imeifanya kuwa sera kubwa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi imekuwa ikiuzwa kwa bei ya ruzuku. Siipingi, kwa mji ulio kando ya bandari. Somo lililopimwa, hata hivyo, linatoka India. Mpango wa Ujjwala ulianza Mei 2016 na hadi Septemba 2019 ulikuwa umegawa miunganisho milioni 80 kwa wanawake wa kaya maskini, kazi ya kustaajabisha. Mkaguzi mkuu wa serikali alipochunguza, akakuta kaya hizo zinajaza upya mitungi mitatu hadi minne tu kwa mwaka, pungufu sana ya mahitaji ya jiko la kila siku. Mtungi wa kwanza ulikuwa zawadi. Wa pili ulitaka fedha nyingi kwa mkupuo, ileile shida ya gunia. Kenya nayo iliondoa kodi ya gesi mwaka 2016, ikairudisha 2021, ikaipunguza 2022 na kuifuta tena 2023. Familia iliyobadilisha jiko kwa kuamini bei ya mwaka mmoja ilijikuta imeachwa na mwaka uliofuata. Sasa fikiria mtungi uliotoka baharini, ukavuka mipaka hadi Lubumbashi, kisha ukasafiri takriban kilomita 600 za reli hadi Kamina. Wachache watautumia na waachwe wautumie. Kuufanya nguzo ya msaada kwa maskini ni kumfungia mtu ng'ombe wa maziwa kwenye mti asioufikia.

Tunarudi kwenye makala, na kwenye neno linaloogopwa. Kusaidia kaya kununua makala si kulipia ukataji wa miombo? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halijibiwi kwa kupuuza. Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makala. Kila mfuko unaouzwa Kamina una mti nyuma yake, ambao nao una nyuki, uyoga, viwavi wa kula na mvua ndani yake. Kama msaada ungekuwa kushusha bei ya gunia kwa fedha za serikali, pingamizi lingeshinda: watu wangechoma zaidi, na wenye nafasi ya kuweka magunia wangekuwa wa kwanza kufaidi. Lakini anayefikiri kwamba bei kubwa inaokoa msitu aangalie nani anapunguza nini bei ikipanda. Kaya maskini haichomi makala ya anasa. Ikipungukiwa hupika mara moja kwa siku badala ya mbili, huacha maharage kwa sababu yanachukua saa tatu motoni, hunywa maji yasiyochemshwa. Msitu unaopatikana kwa njia hiyo umelipiwa na tumbo la mtoto, na ni mdogo mno kuliko ule unaopotea bure ndani ya tanuru na ndani ya mbabula yenyewe.

Upotevu huo ndio mlango. Mbabula ya kawaida ya Katanga, chuma chembamba chenye matundu, hutoa joto pande zote: hupasha ukuta, hupasha miguu ya mpishi, na kilichobaki hupasha sufuria. Kenya ilipata mapema miaka ya 1980 jiko lenye kauri ndani, wazo lililochukuliwa kutoka Thailand na kufinyangwa upya na mafundi wa Nairobi, na tangu hapo limeenea kanda nzima. Goma pia ina uzoefu wake: tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umepanda miti ya kuchoma makala katika mashamba ya wakulima wa Kivu Kaskazini ili kupunguza mkaa unaotoka mbuga ya Virunga, na majiko yanayobana makala yametengenezwa huko na mafundi wa huko. Haya si maajabu ya maabara. Yanahitaji udongo wa mfinyanzi, mabati, na fundi wa kuchomelea, watu ambao mji wa reli kama Kamina haukosi.

Kwa nini basi maskini hawayanunui wenyewe, kama yanaokoa hivyo? Wanauchumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilipima swali hili Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Waliangalia kaya za kipato cha chini zinazotumia mkaa, wakaziuzia jiko bora la takriban dola 40. Jiko hilo lilipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39, akiba ya kama dola 120 kwa mwaka, yaani lilijilipa ndani ya miezi minne hivi. Na bado watu walikuwa tayari kutoa wastani wa dola 12 tu. Walipopewa nafasi ya kulipa kwa awamu, kiasi walichokuwa tayari kutoa kiliongezeka maradufu. Ninausoma utafiti huo kama habari njema kwa mkoa usio na fedha. Kaya haikuhitaji kufundishwa faida ya jiko, ilikuwa inaijua. Ilichokosa ni mkopo. Hazina ya Haut-Lomami ikitoa dhamana ya majiko ya kulipwa kwa wiki, kwa fedha ileile ambayo kaya ingeitia kwenye makala, fedha hiyo inarudi na kuzunguka tena kwa mtaa mwingine. Ruzuku ya bei ya umeme hairudi kamwe.

Mkono wa pili wa msaada ni ghala. Makala makavu hayaozi. Yakihifadhiwa chini ya paa yanakaa hata mwaka. Tofauti kati ya bei ya Julai na bei ya Januari kwa sasa humfaidi mwenye mtaji na chumba cha ziada. Wanawake wa Kongo wanajua vizuri namna ya kutengeneza mtaji usiokuwepo: likelemba, kila mmoja akitoa kidogo na kila mmoja akipokea kwa zamu. Kinachokosekana ni mahali pa kuweka magunia hamsini bila kunyeshewa wala kuibiwa, na fedha ya kuanzia inayofika kabla mvua haijafunga barabara. Ofisi ya mtaa, parokia au stesheni yenye banda tupu inaweza kutoa paa. Kikundi kikinunua magunia wakati wa kipupwe na kuwagawia wanachama vipimo kwa bei ya gunia wakati wa masika, faida inayopatikana inatoka sehemu mbili kwa pamoja: bei ya jumla na bei ya msimu. Wapo watakaosema hii itawaua akina mama wa rejareja. Itawapunguzia wateja, ni kweli, na ndiyo sababu naona heri wao wawe ndio wasimamizi wa ghala, kwa ujira unaojulikana, kuliko kuwaweka upande wa pili wa meza. Wanaijua biashara, wanajua nani analipa, na wanajua makala ya mti mwepesi yanayochanganywa na mazuri ili kujaza gunia.

Tusisahau pia kwamba aliyechoma makala hayo ni maskini kama anayeyanunua. Mwanakijiji wa njia ya Kabongo au ya Kaniama hapati hata nusu ya kile kinacholipwa mjini, kwa sababu kati yake na mbabula kuna vizuizi. Kila kizuizi kina mtu mwenye sare au mwenye kitabu cha risiti, na mara nyingine mwenye sare asiye na kitabu. Tozo halali za mazingira zipo na zina sababu. Mkoa una haki ya kutoza anayekata msitu. Tatizo ni zile zinazotozwa mara tatu kwa gunia moja na hazifiki kokote. Kuziunganisha kuwa tozo moja, inayolipwa mahali pamoja na kwa risiti moja, kungeshusha bei mjini bila hazina kutoa senti, na kungeupa mkoa mapato ambayo sasa yanaishia mifukoni. Sehemu ya mapato hayo ikifundisha wachomaji tanuru lenye bomba la moshi, kama lile la Casamance lililotokea Senegali, ambalo hutoa makala mengi zaidi kwa kuni zilezile, basi msitu unapata kitu ambacho marufuku haijawahi kuupa. Marufuku tunazijua: hupandisha hongo kizuizini, hongo hupandisha bei, na miti inaendelea kuanguka usiku.

Na fedha taslimu? Kwa wale wasio na nguvu hata za likelemba, wajane, wazee waliobaki na wajukuu, wastaafu wa reli wanaongoja haki zao, pengine njia fupi ndiyo bora. Togo ilionyesha Aprili 2020 kupitia mpango wa Novissi kwamba serikali ya Afrika inaweza kutuma fedha kwenye simu za watu maskini kwa siku chache, bila foleni. Wanaopinga husema fedha itanunua pombe. Baadhi itanunua, kama baadhi ya ruzuku za wazee wa Uingereza zinavyonunua mvinyo, na hakuna bunge lililofuta mpango kwa sababu hiyo. Hofu yangu ni nyingine: orodha. Orodha ya maskini ikiandikwa ofisini, itajaa binamu za walioiandika, na mwaka wa uchaguzi itarefuka ghafla. Ndiyo maana ninaona fedha taslimu iwe ndogo, ya miezi mitatu tu, Desemba hadi Februari, na majina yasomwe hadharani katika kila mtaa, pale ambapo jirani anajua nani ana nyumba ya kupangisha na nani hana.

Baridi yenyewe, ile ya Juni, inahitaji neno fupi. Kaya huingiza mbabula chumbani usiku ili watoto walale joto, na milango ikifungwa, hewa ya makala huua bila harufu. Hapo kipimo cha ziada cha makala ni msaada wa hatari. Blanketi ni bora, na tundu la hewa juu ya dirisha ni bora zaidi; vyote viwili vinagharimu chini ya makala ya msimu mmoja. Ni sehemu pekee ya suala hili ambapo Kamina na Ulaya zinazungumzia baridi ileile, na ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Limebaki pingamizi la fedha. Haut-Lomami ni mkoa maskini, usio na migodi mikubwa kama ya majirani zake Lualaba na Haut-Katanga. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, na kila gavana anajua kiasi kinachofika hakilingani na kilichoandikwa. Leta, kama watu wanavyoiita serikali, imezoea kuahidi mambo makubwa na kuleta madogo. Ndiyo sababu sikupendekeza kitu kinachotaka fedha nyingi kila mwezi. Dhamana ya majiko hurudi, paa la ghala hujengwa mara moja, tozo iliyounganishwa huingiza. Kinachotoka moja kwa moja ni fedha za miezi mitatu kwa kaya chache. Kinachohitaji kuangaliwa zaidi ya kiasi ni kalenda. Kikao cha bajeti huanza Septemba, mvua zikikaribia, na kufungwa Desemba, wakati makala yamekwisha kupanda. Fungu litakalopitishwa katika kikao hicho haliwezi kununua gunia la bei nafuu kwa mvua zinazonyesha nje ya ukumbi. Litanunua la Julai inayofuata, kama litakuwa limeandikwa, limetolewa, na limefika mikononi mwa vikundi kabla malori ya kwanza ya kiangazi hayajaingia mjini.